Dawa ya kupunguza uzito bila karatasi ya daktari: jinsi ya kuitumia bila kujiumiza

Mteja husubiri wenzake watoke, halafu anainama juu ya kaunta: "Daktari, hamna ile ya kukata tumbo?" Hapa Kisumu kila anayevaa koti jeupe kwenye kemist huitwa daktari. Mimi si daktari, ni mtu wa dawa, na swali hilo limenifuata kutoka Kondele hadi katikati ya mji, na sasa linaingia kwa WhatsApp usiku. Yanayolifuata hayabadiliki: nimeze ngapi, nianze lini, kwa nini nguo imeingia mafuta, mbona mizani haisongi. Nimeyaandika yote hapa kwa sababu kaunta si mahali pa kuyajibu vizuri, foleni ikiwa inanung'unika nyuma yako.

Tunazungumzia dawa gani

Dawa ya uzito ambayo mamlaka ya dawa ya Marekani imekubali iuzwe bila karatasi ya daktari ni moja tu: orlistat ya miligramu 60. Iliruhusiwa huko mwaka 2007, na Ulaya mwaka 2009, kwa jina la Alli. Ile ya miligramu 120, iliyotangulia kwa jina la Xenical, ni ya kuandikiwa. Kwenye kemist zetu utakuta orlistat za kampuni nyingine zenye majina yao. Usishikwe na jina kubwa la mbele. Soma maandishi madogo chini yake, penye jina la dawa yenyewe na miligramu zake.

Orlistat haikati njaa, wala haichomi mafuta yaliyokwisha kukaa kiunoni. Ni kidogo sana inayoingia kwenye damu. Kazi yake iko kwenye utumbo: inakizuia kimeng'enya kinachovunja mafuta ya chakula, na kwa kapsuli ya miligramu 60 kama robo ya mafuta uliyokula hupita hadi chooni bila kufyonzwa. Ugali haiugusi. Soda, bia na sukari ya chai pia haivigusi. Kama ulinenepa kwa soda za kila siku na ugali wa mlima, weka pesa yako mfukoni, dawa hii haina habari nawe.

Na ujue kiasi cha kutarajia. Anayeitumia pamoja na lishe nzuri hupoteza, kwa wastani, kilo mbili au tatu zaidi ya yule aliyefuata lishe peke yake, tena kwa miezi mingi. Anayekuahidi kilo 10 kwa wiki mbili anauza kitu kingine, na tutafika kwake.

Kabla ya kununua, kuwa na hivi

- Uzito wako na urefu wako. Mizani ya vijana wa kando ya barabara inatosha, mradi urudi kwenye ile ile kila mara, kwa sababu mbili hazikubaliani hata siku moja.
- Kipimo cha presha na cha sukari cha hivi karibuni.
- Orodha ya kila dawa unayotumia: za hospitali, za kienyeji, sindano ya kupanga uzazi, hata unga ule uliopewa na shemeji. Ukishindwa kuandika, beba paketi zenyewe.
- Multivitamini yenye vitamini A, D, E na K.
- Kijiko cha mezani cha kupimia mafuta ya kupikia. Hiki ndicho kifaa muhimu kuliko vyote kwenye orodha, na ndicho ambacho watu hucheka nikikitaja.
- Kipimo cha mimba, ikiwa hedhi imechelewa.

Hatua kwa hatua

1. Piga hesabu ujue kama dawa inakuhusu.

Chukua kilo zako, gawanya kwa urefu wako kwa mita, kisha gawanya tena kwa urefu huo huo. Mama wa kilo 84 mwenye urefu wa mita 1.60: 84 gawanya kwa 1.60 ni 52.5, 52.5 gawanya kwa 1.60 ni kama 32.8. Masharti ya Ulaya yanasema orlistat ya kununua mwenyewe ni ya mtu mzima mwenye jibu la 28 kwenda juu. Kwa urefu huo wa mita 1.60, 28 ni karibu kilo 72. Ukiwa na kilo 63 na harusi iko Desemba, huhitaji dawa. Mwone fundi wa nguo.

Aliye chini ya miaka 18 asiitumie. Mzazi mwenye wasiwasi juu ya uzito wa mtoto ampeleke hospitali.

2. Jiulize uzito ulianza lini.

Kuna watu ambao uzito wao una mlango unaojulikana. Sindano ya Depo, ya kupanga uzazi, huwaongezea baadhi ya wanawake kilo. Dolutegravir, iliyomo kwenye kidonge cha TLD wanachotumia wengi walio na VVU, imehusishwa na kuongezeka uzito, hasa kwa wanawake. Prednisolone ya muda mrefu hufanya hivyo, dawa kadhaa za magonjwa ya akili pia, na insulini. Tezi ya shingo ikilegea, mwili huongezeka huku mtu akihisi baridi na uchovu usioisha.

Ukijiona kwenye mojawapo, usiiache dawa hiyo kwa uamuzi wako. Rudi kwa aliyekupa, mwambie kilo zilianza kupanda lini. Mara nyingi kuna njia mbadala, na huenda usihitaji kununua chochote kwangu.

3. Pitia orodha ya waliokatazwa.

Soma polepole hapa. Usiitumie orlistat kabisa ikiwa:

- una mimba, unaitafuta mimba, au unanyonyesha;
- una ugonjwa unaozuia utumbo kufyonza chakula, au nyongo yako haitiririki vizuri;
- unatumia cyclosporine, ile wanayopewa waliopandikizwa figo;
- unatumia warfarin au kidonge kingine cha kuzuia damu kuganda.

Zungumza kwanza na daktari au mfamasia ikiwa una kifafa (kuna watu waliopata degedege dawa yao ilipofyonzwa pungufu), unatumia levothyroxine ya tezi (inatakiwa ipishane na orlistat kwa saa 4), amiodarone ya moyo, dawa za kisukari au za presha, au umewahi kuwa na ugonjwa wa figo au mawe ya figo. Mwenye kisukari awe makini zaidi: uzito ukishuka, kipimo cha dawa kinaweza kuwa kikubwa kuliko anavyohitaji, na sukari ikaanguka.

Halafu kuna ARV, dawa za VVU. Kaunti za ukanda huu wa ziwa ni miongoni mwa zenye VVU kwa wingi nchini, kwa hiyo nalisema bila kuzunguka: orlistat inaweza kupunguza kiasi cha ARV kinachofyonzwa, na virusi vikapata nafasi. Hata multivitamini, ikiwa na madini ya chuma au kalsiamu, huishika dolutegravir tumboni isipopangiwa saa zake. Anayetumia ARV aanzie CCC, kliniki ya VVU anakochukulia dawa, wampangie au wamkataze.

Najua kwa nini watu hunyamaza. Kaunta ni ndogo, na nyuma yako amesimama jirani wa ploti. Huna haja ya kutangaza kitu. Sema tu, "Nina dawa ninayomeza kila siku, naomba tuongee kando." Mtu wa dawa anayejua kazi yake atakupisha pembeni bila kuuliza kwa sauti. Asipofanya hivyo, ondoka, kemist hazijaisha.

4. Nunua mahali panapoweza kuulizwa.

Kemist halali ina leseni ya Bodi ya Famasia na Sumu ukutani, ya mwaka huu, pamoja na kibandiko chenye namba ya usalama wa afya. Unaituma namba hiyo kwa ujumbe mfupi kwenda 21031, na jibu linakueleza kama duka limesajiliwa. Usione haya kufanya hivyo ukiwa umesimama pale pale.

Paketi iwe imefungwa na kiwanda. Kagua jina la dawa, miligramu, namba ya toleo, tarehe ya kuisha na jina la mtengenezaji, na ndani kuwe na karatasi ya maelezo. Usinunue kapsuli za kuhesabiwa kwenye bahasha ndogo ya khaki, hata kama umepungukiwa pesa na mwenye duka ni rafiki. Zikishatoka kwenye paketi yake hakuna anayeweza kukwambia ni nini.

Swali langu moja la kumpima muuzaji, awe wa duka, wa matatu au wa mtandaoni: "Ndani mna dawa gani?" Akijibu "ni mitishamba tu" au "ni siri ya kampuni", mazungumzo yameisha.

5. Badilisha sufuria kabla ya kumeza kapsuli ya kwanza.

Siku tatu au nne kabla, shusha mafuta. Lengo ni karibu gramu 15 za mafuta kwa kila mlo. Kijiko kimoja cha mezani cha mafuta ya kupikia kina gramu 14 hivi. Maana yake kijiko kimoja kimemaliza mlo mzima, na bado nyama, maziwa na mayai vina mafuta yao. Kwa sufuria ya watu wanne, vijiko viwili vinatosha. Mkono unaomimina moja kwa moja kutoka kwenye chupa hauwezi kuhesabu, ndiyo maana nikasema kijiko.

Sasa samaki, maana hapa huwezi kumwambia mtu aache samaki ukasikilizwa. Mbuta au ngege mwenyewe hana shida. Shida ni karai. Akizamishwa kwenye mafuta yanayochemka hadi akakauka, kisha akarudishwa kwenye rojo ya nyanya yenye mafuta mengine, mlo huo umevuka gramu 15 kabla hujagusa ugali. Ukienda Dunga au kwenye vibanda, agiza wa chemsha: nyanya, kitunguu, dhania, limau, na supu yake. Ukitaka aliyechomwa, mwambie mpishi asimpake mafuta akimaliza. Omena wakaushe kwenye sufuria kavu wakiwa wameoshwa vizuri, halafu watie kijiko kimoja cha mafuta na nyanya nyingi. Ladha haipotei sana, na anayesema imepotea kabisa hajajaribu kuongeza limau.

Mboga nazo zina mtego wake. Osuga (mnavu) na dek (mgagani) zilizochemshwa hazina mafuta ya kuogopa, lakini tukishazilaza usiku kwenye maziwa na malai, au tukazitia samli, hesabu imebadilika. Tumia maziwa yaliyoenguliwa malai. Nusu ya parachichi kubwa peke yake inakaribia gramu 15. Njugu za kukaanga konzi moja, vivyo hivyo. Si vyakula vibaya, ila visikutane kwenye sahani moja na chapati. Mandazi, chipo, bhajia na smoki za asubuhi kwenye steji, hizo waachie wasiomeza orlistat.

Gawanya mafuta kwenye milo yote. Kubana siku nzima ili jioni ule nyama choma na mutura ndiyo njia ya uhakika ya kujiaibisha.

6. Anza siku ambayo choo kiko karibu.

Athari za mafuta huonekana saa 24 hadi 48 baada ya kapsuli za mwanzo. Kwa hiyo usianze Jumapili jioni ikiwa Jumatatu una safari ya basi kwenda Nairobi, wala siku ya mazishi ukweni. Ijumaa jioni ni nzuri kwa wengi.

Meza kapsuli moja ya miligramu 60 kwa maji, pamoja na mlo wenye mafuta au ndani ya saa moja baada ya kula. Mwisho ni tatu kwa siku. Ukiruka mlo, ruka na kapsuli. Ukila kitu kisicho na mafuta, kama uji wa maji na ndizi ya kuchemsha, kapsuli haina cha kufanya hapo, iache ilale.

7. Multivitamini wakati wa kulala.

Vitamini A, D, E na K husafiri pamoja na mafuta, kwa hiyo mafuta yakitoka nazo hutoka. Meza multivitamini moja unapokwenda kulala, angalau saa 2 baada ya orlistat. Ukizimeza pamoja, umeilisha choo.

8. Hifadhi vizuri.

Paketi nyingi za orlistat zinasema isizidi nyuzi 25. Kisumu ya mchana hupita hapo kwa urahisi, na nyumba ya mabati zaidi. Weka chini, chumba chenye kivuli, mbali na jiko, na kifuniko kikiwa kimekazwa. Usiiache kwenye dashibodi. Kijipakiti kilichomo ndani ya mkebe ni cha kunyonya unyevu. Si dawa, usikimeze.

9. Pima mara moja kwa wiki, na uwe na tarehe ya kusimama.

Siku ile ile, asubuhi, kabla ya chai, mizani ile ile. Pima na kiuno, kwenye usawa wa kitovu, bila kuvuta tumbo ndani. Wiki 12 zikiisha na uzito haujapungua, acha na umwone daktari. Hata kama inafanya kazi, usivuke miezi 6 bila kuonekana na mtaalamu. Hakuna tuzo ya kuimaliza stoki ya duka.

Makosa ninayoyaona kila mara

*Kuzidisha ili ifanye haraka.* Kapsuli mbili kwa mlo haziongezi kilo za kupotea. Zinaongeza mbio za chooni.

*Kuifanya ruhusa ya kula.* Mtu anameza kapsuli ili ale kuku wa kukaangwa na chipo kwa amani. Robo ya mafuta ikitoka, robo tatu zimebaki mwilini, na hiyo iliyotoka haitatoka kwa adabu.

*Kuchanganya na chai ya kusafisha tumbo.* Chai nyingi za aina hii zina sena, ambayo ni dawa ya kuharisha. Sena hufanya kazi kwenye utumbo mpana, chakula kikiwa kimeshafyonzwa juu huko. Kinachopungua kwenye mizani ni maji na choo. Ukiendelea nayo, mwili hupoteza potasiamu, misuli hulegea, mapigo ya moyo huvurugika, na utumbo husahau kazi yake bila kusukumwa.

*Kukopa dawa za wagonjwa.* Lasix ya mama mwenye moyo, kidonge cha tezi cha shangazi, metformin ya baba mwenye kisukari. Lasix inakukojoza kilo mbili za maji zinazorudi ukinywa, na inaweza kukuangusha. Kidonge cha tezi kwa mtu asiye na ugonjwa huo hukimbiza moyo.

Kahawa, chai na vidonge "vya asili"

Hapa ndipo ninapogombana na wateja. Wananiambia, "Lakini hii ilifanya kazi! Siku ya kwanza tu njaa iliisha." Hilo ndilo la kutisha. Majani ya chai hayaondoi hamu ya kula kwa siku moja. Kinywaji kikiiondoa hivyo, kinywa kikakauka, usingizi ukakimbia na moyo ukawa unadunda ukiwa umekaa, mna dawa ndani, na mara nyingi ni sibutramine. Hii ilikuwa dawa halali ya kupunguza uzito hadi 2010, ilipoondolewa sokoni Ulaya na Marekani kwa sababu iliongeza mshtuko wa moyo na kiharusi kwa watu wenye maradhi ya moyo. Haikupotea. Mamlaka ya dawa ya Marekani imeikuta mara nyingi ndani ya kahawa, chai na kapsuli zinazouzwa kama mitishamba, bila jina lake kuandikwa popote. Mtu wa presha akiinywa bila kujua, daktari naye hawezi kujua anachotibu.

Kingine ni DNP, unga au kapsuli za rangi ya njano zinazouzwa mtandaoni. DNP inapandisha joto la mwili kutoka ndani, na haina dawa ya kuizima. Imeua watu. Hakuna kipimo salama cha kukupa hapa.

Na sindano? Ozempic na Wegovy, zote semaglutide, ni dawa za kweli, ila ni za daktari: zina kipimo cha kuongezwa taratibu, hifadhi ya friji, na watu wasiopaswa kuzitumia. Mwezi Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilionya kuhusu Ozempic bandia iliyopatikana Brazili, Uingereza na Marekani. Kalamu inayoletwa na bodaboda kwenye mfuko wa nailoni, jua la saa nane, usiiguse.

Mambo yakienda mrama

*Nguo ya ndani ina mafuta ya rangi ya machungwa.* Ni mafuta ya chakula. Mlo wako wa jana ulizidi. Kumbuka ulikula nini, rudi kwenye kijiko. Vaa nguo nyeusi na kisodo chembamba wiki za mwanzo. Ukiacha dawa, choo hurudi kawaida ndani ya siku mbili au tatu.

*Hewa inatoka na kitu.* Usiiamini hewa yoyote siku za mwanzo. Nenda chooni kwanza.

*Nimesahau kapsuli.* Haijapita saa moja tangu ule? Meza. Imepita? Acha, subiri mlo ujao, usifidie.

*Naharisha na natumia vidonge vya kupanga uzazi.* Kuharisha sana kunaweza kuvifanya visifyonzwe. Tumia kondomu kwa nyongeza. Sindano na kijiti haviathiriki kwa njia hii.

*Nimegundua nina mimba.* Acha orlistat siku hiyo hiyo na uende kliniki ya wajawazito. Waambie ulitumia nini na kwa muda gani.

*Wiki tatu, mizani haijasonga.* Kabla ya kuilaumu dawa, andika kila kinachoingia mdomoni kwa siku tatu, pamoja na vinywaji. Mara nyingi ni chai ya maziwa yenye sukari vijiko vitatu, vikombe vinne kwa siku, na soda ya saa saba. Orlistat haioni sukari.

*Natetemeka, natoka jasho, nina kisukari.* Pima sukari. Usipokuwa na kipimo, kunywa kitu chenye sukari sasa hivi, kisha nenda hospitali wakupangie dawa upya.

*Macho ya njano, mkojo wa rangi ya kola, choo cheupe, mwili unawasha, maumivu makali chini ya mbavu za kulia.* Acha dawa, usimeze kingine, nenda hospitali leo, siyo Jumatatu. Madhara ya ini ni nadra, lakini yametokea kiasi cha kuifanya mamlaka ya Marekani iongeze onyo kwenye maelezo ya dawa mwaka 2010. Damu kwenye choo na maumivu ya tumbo yasiyotulia, hivyo hivyo.

*Nilikunywa chai ya kupunguza uzito, kifua kinabana, moyo unakimbia, au upande mmoja wa mwili umelegea.* Hii si ya kemist. Bodaboda au gari, moja kwa moja hospitali yenye huduma ya dharura. Kwa walio karibu na mji, hospitali ya rufaa ya Jaramogi, ile tuliyozoea kuiita Russia. Beba paketi ya hiyo chai. Mkishatulia, ripotini: Bodi ya Famasia na Sumu ina mfumo wa mtandaoni wa kupokea taarifa za dawa zilizodhuru, na mwananchi wa kawaida anaruhusiwa kuutumia. Bila ripoti, paketi zile zile zinabaki rafuni.

*Kapsuli zimebaki na sitaki kuendelea.* Usimwachie dada yako kwa sababu mnafanana mwili. Hamfanani orodha ya dawa. Usizitupe kwenye taka ambazo watoto huchokoa. Zirudishe kemist uliponunua, uwaombe waziharibu pamoja na zao zilizoisha muda.